Kosa Nililomfutia Wakili

Sikukosea. Tulimalize hilo kwanza ndo tuendelee. Kukosea ni pale neno limekupita, hukulijua, ukabahatisha. Mimi neno nililijua vizuri kabisa, lilikuwa pale chini ya kioo kwa maandishi meupe, maiki ninayo mkononi, na nikasema kitu kingine kwa makusudi. Kwa hiyo wewe wa Gungu unayepita vijiweni ukiwaambia watu kwamba yule dogo wa Kibirizi Kiingereza hajui, koma. Kiingereza najua. Sema nilidanganya. Hapo nitakaa chini nikusikilize.

Na usiniletee ile ya "kwani si tamthilia tu". Tamthilia tu! Mtu umekaa naye sizoni nane. Umemwona anaingia mjini na kiatu kimekatika kisigino, umemwona anapanda cheo, anaolewa, anaachika, anamzika baba yake, anaanza kuvaa miwani. Nina ndugu wa damu hapa hapa Kigoma siwajui hivyo. Yule mwanamke akishika sikio lake la kushoto mimi najua anataka kusema uongo kabla hata hajafungua mdomo.

Jina alikuwa nalo, la huko kwao, refu. Sisi tulimwita Wakili, basi. Ilikuwa tamthilia ya mahakamani, ofisi moja ya mawakili kwenye mji mkubwa wa ng'ambo, kila episodi kesi moja inaanza na kuisha, lakini chini ya hizo kesi kuna maisha ya watu yanakwenda polepole, sizoni hadi sizoni. Hizo kesi ndogo watu walizisahau. Waliyoyafuata ni yale ya chini.

Banda ni la dada yangu. Lipo juu kidogo ya mwalo wa mitumbwi, ukiacha vichanja vya kuanikia dagaa unapanda hatua chache umefika. Bati upande mmoja, turubai upande mwingine, mabenchi sita, luninga moja, na spika ambayo mikono yangu imeifungua mara nyingi kuliko fundi yeyote. Kazi yangu ni kutafsiri. Siyo zile flashi zinazotoka Dar na sauti ya dijei imeshapachikwa ndani. Mimi natafsiri mubashara, nimekaa pembeni kwenye kigoda, nasoma maandishi ya chini na kusema kwa Kiswahili papo hapo. Akilia mtu, nalia. Hakimu akigonga, nagonga kigoda.

Hiyo lugha hakuna aliyenifundisha. Shule niliacha kidato cha pili, mama alipofariki. Nilikuwa na kamusi iliyochanika mbele, inaanzia herufi ya D. Na maneno ya mahakamani, sijui kwa nini, mengi yako kule mwanzo kulikochanika. Nikawa nayasoma usoni mwa watu. Mtu akitajiwa lile neno anakunja uso, neno baya hilo. Mke wake akitajiwa anashika kifua, hilo litakuwa jela. Nilijifunza hivyo, miaka, peke yangu, na sioni aibu.

Sasa, kwa asiyejua kwetu: dagaa huvuliwa kwa taa, na taa zinataka giza. Mwezi ukikua, dagaa hawana habari na taa yako, mitumbwi inavutwa juu, vichanja vinabaki vitupu. Ni kama wiki hivi kila mwezi. Wiki hiyo kina mama wa mwaloni mchana hawana cha kuanika wala cha kugeuza, na ndiyo wiki yetu. Wakili alikuwa anakuja na mwezi. Tunaangalia siku sita saba mfululizo, halafu giza linarudi, watu wanarudi kazini, na wiki tatu nzima wanageuza dagaa huku wanabishana Wakili atafanya nini. Sizoni moja ilikuwa inatuchukua miezi mitatu, minne. Watoto walizaliwa katikati.

Na kubishana kulikuwepo. Siku ya kwanza kabisa kamera ilipoonyesha wale raia wanaokaa kusikiliza kesi kisha wanaamua, mama mmoja wa Ujiji, anakujaga na chupa yake ya chai na mto wake wa kukalia, akanisimamisha.

"We mtafsiri. Hao kumi na wawili ni kina nani?"

"Wazee wa baraza, mama."

"Kumi na wawili? Na yule binti anayetafuna bablishi naye mzee wa baraza?"

"Kwao ndo hivyo."

"Ndo maana kesi haziishi. Haya, endelea."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Na mimi Wakili nilimpenda kuliko wote kwa sababu sizoni ya kwanza alikuwa mkorofi. Anaingia kwa bosi bila kugonga mlango. Anamwambia hakimu "hujanisikiliza". Maskini wa Mungu, ana suti moja, anaifua jioni na kuipiga pasi asubuhi. Nikisema maneno yake kwenye maiki nilikuwa siigizi. Nilikuwa nasema yangu.

Na alikuwa kama dada. Sisemi sura. Dada ni mfupi, mweusi, anacheka kwa pua. Lakini ile namna ya kubeba watu mgongoni bila kuwaambia kwamba umewabeba. Dada aliacha kuolewa mara mbili kwa sababu mwanaume alisema "wewe njoo, dogo abaki". Mtu anayemsema vibaya dada yangu mbele yangu, mimi sina breki. Nimeshapigana mwaloni, nimeshapigana sokoni, nimeshapigana msibani, na hiyo ya msibani naijutia kidogo tu.

Sasa sizoni ya tatu.

Wakili anamwakilisha tajiri mmoja mwenye bohari. Bohari limeungua, na kibarua wake, mbeba mizigo, mtu mzima, ndiye amekamatwa kwamba kalichoma. Hakimu ameshaagiza karatasi zote za bohari ziletwe mahakamani. Wakili anazipitia ofisini, peke yake, na katikati anaikuta moja inayoonyesha wazi kwamba kibarua siku ile hakuwepo kabisa, na aliyeingia mwisho ni mtoto wa tajiri. Anaisoma. Anaisoma tena. Anashika sikio la kushoto. Halafu anafungua droo, anaiweka, anafunga kwa ufunguo. Chini ya kioo maandishi yanasema anachojisemea: hakuna atakayejua.

Benchi la mbele alikuwa amekaa dada. Nilimwona mgongo. Ulikuwa umekakamaa kama mtu anayesubiri sindano.

Hapa lazima niseme kitu ambacho nilikaa nacho tumboni tangu nina miaka kumi na tano. Dada kabla ya banda alikuwa anafanya kazi kwenye godauni la dagaa la mwenye mitumbwi mmoja mkubwa pale mwaloni. Siku moja magunia mawili yakapotea. Wakamkamata mpagazi mmoja, mzee, mtu wa watu. Kamati ya mwalo ikakaa. Dada alikuwa amesimama mlangoni asubuhi ile na alimwona aliyeyabeba: mpwa wa yule yule mwenye mitumbwi. Kamati ilipomuuliza, akasema hakuona. Alikuwa na mimi wa kulisha, na godauni lilikuwa la mjomba wa mwizi. Mzee akafukuzwa mwaloni, asikanyage tena, na jina la mwizi likamganda. Dada alinieleza jikoni, anakoroga ugali, hakunitazama. Sikuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo nilipoona ule mgongo, maiki mkononi, nikasema: "Anaificha ili bosi wake asije akaiona. Kesho ataipeleka kwa hakimu mwenyewe."

Benchi zima likapumua. Episodi iliyofuata kibarua anafungwa, na mimi nikasema bosi kavunja droo, kaiba karatasi, kaichoma. Kina mama wakamlaani bosi mpaka mate yakawaruka. Bosi wa watu hajafanya lolote! Alikuwa anakula sambusa kwenye ile episodi, hana habari.

Nikajua imeisha. Kumbe ndo imeanza. Tamthilia ndefu ina tabia moja mbaya: haisahau. Kesi ndogo inasahaulika, lakini mtu hasahau. Wakili akaanza kunywa pombe. Kwa nini, na hana kosa? Nikasema ana majonzi ya baba. Wakili akaacha kumtazama bosi machoni. Hiyo ilikuwa rahisi. Sizoni ya tano akaanza kwenda gerezani kumtembelea yule kibarua, kila wiki, anakaa upande huu wa kioo, hawaongei sana. Anamsomesha na binti wa kibarua kimya kimya. Kina mama wakaanza kunung'unika.

"Huyu anamtembeleaje mwanaume wa watu kila wiki?" mama wa Ujiji akauliza. "Kuna jambo."

Nilikuwa na sekunde mbili. Nikasema: "Ni kaka yake. Baba mmoja. Ndo amegundua."

Yule mama akapiga paja.

"Mimi nilisema! Si nilisema? Angalia pua zao!"

Wote wakaangalia pua. Wakakubali. Mwezi mzima mwaloni hadithi ilikuwa pua. Mwingine akasema hata masikio. Mimi nakaa kwenye kigoda changu nacheka na jasho linanitoka, maana sasa nina undugu wa kuubeba sizoni tatu zilizobaki, na waandishi wa huko hawajui kwamba wale ni ndugu.

Basi nikawa natafsiri kwa mikono miwili, mmoja unasoma, mwingine unafukia. Wakili akisema "nisamehe", mimi nasema "vumilia". Kibarua akisema "unajua ulichofanya", mimi nasema "asante kwa kuja". Ilikuwa kazi ngumu kuliko kutafsiri kweli, na nilijisifu. Nilijiona mtu mwaminifu kabisa. Namlinda Wakili, namlinda dada, wawili kwa pigo moja. Sikuona kwamba kila sizoni Wakili anazidi kuwa mtu asiyeeleweka. Analia bila sababu. Anaacha kesi kubwa za pesa anachukua za vibarua, bila sababu. Kina mama walianza kumchoka. "Amekuwa na mapepo," walisema.

Ndipo akaja yule wa bodaboda kutoka Gungu. Alimleta abiria, akachungulia bandani, akasimama na helmeti kichwani. Alikuwa ameiona tamthilia nzima kwenye simu, ile iliyotafsiriwa Dar. Tulikuwa mwishoni mwa sizoni ya saba.

"Oya, huyo si kaka yake," akasema kwa sauti. "Huyo alimfunga yeye. Karatasi aliificha yeye mwenyewe, sizoni ya tatu."

"Toka," nikasema kwenye maiki.

"Hajui Kiingereza huyu! Mnadanganywa, kina mama!"

Sijui maiki niliiacha wapi. Najua nilikuwa nje, nimeshika helmeti yake kwa mbele na kichwa chake kimo ndani, na natukana kwa Kiswahili na Kiha vyote. Dada alinishika mkanda wa suruali kwa nyuma akanivuta kama mbuzi. Yule jamaa akaondoka anacheka. Episodi nikaimalizia na sauti imekauka, na watu hawakucheka wala kulia, walikuwa wananitazama mimi badala ya kioo.

Mwezi ukapungua, mitumbwi ikarudi majini. Asubuhi ya tatu au ya nne nilikuwa na dada kwenye kichanja, tunageuza dagaa.

"Mdogo wangu. Yule kijana alisema kweli?"

"Yule mpuuzi, mimi nikimkuta—"

"Sijakuuliza kama ni mpuuzi. Karatasi aliificha nani?"

Nikageuza dagaa wachache. "Yeye."

"Wakili."

"Ndiyo."

"Ukatuambia bosi. Kwa nini?"

"Ulikuwa umekaa mbele, dada. Nilikuona mgongo."

Akaendelea kugeuza mpaka mwisho wa kichanja, akazunguka, akarudi kwa upande wangu. Nilidhani atanipiga. Hajawahi kunipiga.

"Kwa hiyo unanionaga hivyo," akasema. "Mtu wa kufunikwa."

"Nilikuwa nakulinda."

"Na nini? Miezi yote hii nakaa pale najiuliza huyu mwanamke anateseka na nini na kosa hana. Nikasema labda mimi ndo kichwa changu kibovu. Kumbe kosa analo! Kumbe muda wote alikuwa anatafuta pa kutokea, na mlango umemzibia wewe." Akanitupia dagaa wa mkononi, hawakunifika. "Mimi nilitaka kuona anatokaje. Umeninyima."

Nimeshatukanwa na watu wengi. Hakuna lililonichoma kama hilo.

"Sizoni ya mwisho utaisoma kama ilivyoandikwa," akasema. "Na kabla hujaanza utawaambia."

Nikawaambia. Mwezi ulipokua, banda lilijaa mpaka watu wamesimama, maana maneno ya yule wa Gungu yalishafika kila mahali. Nikasimama mbele ya luninga, bila maiki, nikasema: karatasi aliificha Wakili. Bosi hana hatia. Nilidanganya mimi, sizoni ya tatu hadi ya saba.

Wakalipuka. "Mshenzi wewe!" "Mimi nilimlaani yule bosi kwenye sala!" Mama wa Ujiji akanyoosha mkono mpaka wakanyamaza.

"Na ule undugu?"

"Hakuna undugu, mama."

"Na pua?"

"Pua ni pua tu, mama."

Akajimiminia chai. "Basi tuanzie sizoni ya tatu," akasema. "Tunaye Wakili mpaka mwezi upungue. Sema vizuri safari hii, na ukikosa neno sema nimekosa."

Tulirudia zile muhimu tu, kuanzia droo. Watu wale wale, mabenchi yale yale, na ilikuwa tamthilia nyingine. Kila kitu nilichokuwa nakifukia kikakaa mahali pake. Pombe ikaeleweka. Kioo cha gerezani kikaeleweka. Pale Wakili anapokataa kuwa bosi wa ofisi, ambapo mwanzo walisema ana mapepo, sasa mmoja akasema polepole, "Anaogopa kukalia kiti." Sikuwahi kuwafundisha hilo. Walikuwa wanaliona wenyewe, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya macho yao kama nguzo miezi yote hiyo.

Kisha tukaenda na sizoni ya nane, miezi yake mitatu, mpaka episodi ya mwisho. Wakili ameitwa mbele ya baraza la mawakili wenzake, watano. Amejipeleka mwenyewe. Mwenyekiti anamuuliza kama alishinikizwa, na unaona kabisa wanampa njia, wanataka aseme bosi. Nilisikia mabenchi yanazuia pumzi. Wakili anasema, na mimi nikasema neno kwa neno: "Hakuna aliyenilazimisha. Droo ilikuwa yangu na ufunguo ulikuwa wangu." Anafutwa uwakili. Kibarua anatoka gerezani, mvi tupu, Wakili amesimama ng'ambo ya barabara anamsubiri. Kibarua anamwona. Anapita.

Imeisha hapo. Majina yanapanda.

"Hata salamu?" mama wa Ujiji akafoka. "Angempiga hata kofi tujue moja!"

"Amsalimie kwa lipi?" dada akajibu. Ndo maneno pekee aliyosema siku hiyo.

Kesho yake asubuhi akaniambia, "Vaa shati. Tunaenda Katubuka."

Yule mzee mpagazi anakaa Katubuka, anasukuma mkokoteni wa mkaa. Tulimkuta uani, ameulaza mkokoteni, anafunga mpira wa gurudumu. Dada akapiga goti, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, halafu akainua.

"Wewe ni yule wa godauni."

"Ndiyo mimi."

"Siku ile ulikuwa umesimama mlangoni. Nilikuona unaona." Akarudi kwenye gurudumu. "Nikawa nasubiri useme. Nimesubiri mpaka nikaacha."

Dada akasema yote. Alichokiona, alichowaambia kamati, na kwamba alisema uongo. Hakutaja kwamba alikuwa na mdogo wa kulisha. Mimi ndo nilitaka kulitaja, nikafungua mdomo: "Mzee, dada kaja mwenyewe, hakuna aliye—"

"Nyamaza," dada akasema.

Mzee akamaliza kufunga mpira. "Mimi nilifukuzwa saa nne asubuhi," akasema, "boti za Burundi zinapakia, watu wamejaa, wake za watu wananizomea. Usiniletee samahani uani kwangu. Hawa kuku hawakunifukuza."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaka. Nilisema mzee ana kiburi, nilisema imetosha, ameshaambiwa. Dada alikuwa anatembea mbele yangu, mwendo wa mtu anayewahi soko.

Dada aliamua atalisema mwaloni, mbele za watu, na mambo hayakai siri. Yule mpwa, mwizi wa magunia, sasa ana mitumbwi yake miwili, na nusu ya kina mama wa mwaloni wanachukua dagaa kwake. Siku ya pili akaja bandani, mpole kabisa, akakaa hata kwenye benchi.

"Dogo, mwambie dada yako tamthilia zimemwingia kichwani. Hapa siyo ng'ambo. Hapa watu wanakula pamoja."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Au unaogopa?"

Akacheka, akanigonga bega. Sikumpiga. Naomba hilo liandikwe mahali.

Mwenyekiti wa kamati naye hakutaka. "Mama, hilo limeshapita. Sisi tulikuwa hata hatujachaguliwa." Dada akamwambia hahitaji kikao, anahitaji dakika tano saa nne asubuhi. Kama kamati haitampa, atasema bila kamati. Nikavuta waya kutoka bandani, nikaunganisha vipande vinne kwa tepu ya umeme, nikaishusha spika mpaka kwenye mizani ya mwalo. Mzee nilimfuata mwenyewe na bodaboda. Na kwa kuwa Mungu ana utani, aliyekuwepo kijiweni alikuwa yule wa Gungu. Alitubeba mimi na mzee wote wawili na kule mwaloni akazima pikipiki akabaki.

Boti zilikuwa zinapakia. Dada akashika maiki yangu.

"Nilikuwa mlangoni mwa godauni siku magunia yalipopotea," akasema. "Nilimwona aliyeyabeba. Hakuwa huyu mzee. Kamati iliniuliza nikasema sikuona. Ulikuwa uongo. Huyu mzee hakuwahi kuiba, na ninyi mlimzomea kwa sababu yangu."

"Mtaje aliyebeba!" mtu akapiga kelele kutoka botini.

"Anajijua na yupo hapa. Kamati ikiniita nitamtaja mbele yake."

Watu wakageuka, kila mmoja anamtafuta mwenzake. Mzee hakumtazama dada hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya mwenyekiti, akaweka ngumi mbili juu yake, akasema, "Andika." Mwenyekiti akaanza kusema habari za utaratibu. "Andika," akasema tena. Alisimama pale, jua linampiga, mpaka karatasi ikaandikwa kwamba zuio limeondolewa na jina lake ni safi, ikagongwa muhuri. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akapanda juu kwa miguu. Wapagazi watatu wa zamani walimfuata wakimpa mkono.

Sasa hivi tuko hivi. Mitumbwi ya mpwa haimuuzii dada dagaa, anafuata kwa watu wengine, mbali, anarudi amechelewa na jua la kuanikia limepungua. Mabenchi mawili ya bandani ni matupu, wale wa upande wa mpwa hawaji. Kamati imemwita dada akamtaje mtu, kikao ni mwezi ukikua. Na mimi napita mwaloni naambiwa nimemharibia dada yangu, kwamba kama ningeendelea na uongo wangu wa pua na undugu, tungekuwa tunakula vizuri.

Nawajibu wote mara moja. Siku ya kikao nitakaa kando yake, na atakayemzomea atanizomea mimi kwanza. Wiki hiyo hiyo naanza Wakili upya kutoka sizoni ya kwanza, kwa wale ambao hawajamwona, neno kwa neno, hata yale yanayoniuma. Dada mwenyewe ndo ameomba, na mama wa Ujiji ameshaweka mto wake.

Na wewe wa mwaloni unayenuna hapo, godauni siku ile dada hakuwa peke yake, mlikuwa wengi mlangoni, na duniani milango haiishi. Dada yangu ameshasema la kwake. La kwako unalisema lini?